Pua, Mtambo na Ushahidi wa Nafsi katika Filamu ya Pumzi

Je, binadamu hubaki na nafsi yake pale mtambo unapohisi kwa niaba yake? Swali hili limeshughulikiwa kwa namna ya pekee na Wanuri Kahiu katika filamu yake fupi, Pumzi (2009). Filamu hiyo inasawiri Afrika Mashariki baada ya vita vya maji. Watu huishi ndani ya majengo yaliyofungwa, mkojo na jasho lao husafishwa yakawa maji ya kunywa, nazo ndoto huzimwa kwa dawa. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapokea udongo usiojulikana utokako. Anaupima kwa mtambo, anaunusa pia. Harufu inamtumbukiza katika ndoto ya mti mbichi, na mtambo unamwamuru ameze dawa yake.

Yapo mazoea ya kuisoma kazi hii kama mgogoro baina ya maumbile na teknolojia. Usomaji huo unaipunja. Kipimo hakikuikanusha pua ya Asha. Kilithibitisha kwamba udongo una maji mengi na hauna mnururisho. Wanaokanusha ni Baraza, na wanaukataa ushahidi wa aina zote mbili. Basi kinachopokonywa hapa si hisi zenyewe, bali haki ya kuaminiwa kwa kile ambacho hisi zimeshuhudia.

Msomaji wa Muthetheni, katika nyanda kavu za Machakos, hana haja ya kuelezwa jambo hili kwa istilahi. Mwanamke anayechimbua mchanga wa mto uliokauka huusoma unyevu kwa kiganja, na chumvi kwa ulimi. Ujuzi huo ni sehemu ya utu wake. Hata hivyo, ulimi huohuo hauwezi kubaini floridi iharibuyo meno na mifupa, na hapo kipimo cha maabara ni rafiki. (Hapana heshima yoyote katika kuusifu ulimi wa mama huku meno ya wanawe yakiharibika.) Dhuluma huanza pale majibu ya kipimo yanapoishia ofisini, naye mchota maji hakuulizwa wala hakuarifiwa.

Hatimaye Asha anatoroka, anapanda mche jangwani, anaumwagilia maji yake ya mwisho na kuufunika kwa mwili wake. Wanaoliona tendo hilo kuwa ni kurejea kwenye maumbile hawana budi kuikumbuka ile chupa: maji yaliyomo yalikuwa yamekwisha kupita mtamboni.