Mtoto Aliyezaliwa na Kilema: Kosa ni la Nani?



Injili ya Yohane, sura ya 9, yatusimulia habari za mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi walitaka kujua dhambi ni ya nani: yake, au ya wazazi wake? Bwana wetu alilikataa swali lao, akamponya yule mtu.

Walakini swali hilo bado lazunguka katika nyumba zetu. Mtoto akizaliwa na mgongo wazi, au kichwa chake kikijaa maji, watu hunong'ona kwamba mama amelaaniwa, au bibi amemroga. Mama hurudishwa kwao, na mtoto hufichwa ndani.

Sikilizeni basi. Mwaka 2020 waganga wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto waliozaliwa na vilema mjini Lubumbashi. Walikuta kwamba hatari iliongezeka mara tano na zaidi pale baba alipokuwa na kazi ya migodi. Uchunguzi huo haumhukumu baba atafutaye chakula cha wanawe, wala hausemi kwamba kila kilema chatoka mgodini. Lakini wawafunga midomo wanaomlaumu mama. Nasi wa Tshangalele, ambao ziwa letu lapokea maji yatokayo kwenye migodi na viwanda vya Likasi, tusiudharau. Ninyi akina baba, ogeni na kuvua nguo za kazi kabla ya kuwakumbatia watu wa nyumbani.

Je, wajibu wetu ni upi?

Kwanza, mtoto mwenye mgongo wazi apelekwe hospitali siku ile ile. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kisipakwe dawa ya majani. Kikishonwa mapema, hatari ya ugonjwa kuingia katika uti hupungua.

Pili, kichwa cha mtoto kipimwe kwa utepe. Kikikua upesi kupita kiasi, apasuliwe kabla ubongo haujabanwa. Huko Mbale, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Daktari Benjamin Warf, Mmarekani, alianzisha njia ya kuwatibu wengi wa watoto hao bila kuwaachia mpira kichwani.

Tatu, miguu iliyopinda hunyoshwa kwa plasta zibadilishwazo kila juma, tangu majuma ya kwanza.

Nne, mwanamke atazamiaye kuzaa ameze asidi ya foliki kabla ya kushika mimba. Uti wa mtoto hufungika katika siku 28 za kwanza, mama angali hajajua kwamba ana mimba. Dawa hiyo hupunguza hatari ya mgongo wazi.

Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, abatizwe bila kukawia. Lakini ubatizo usiwe njia ya kumuaga aliye na tumaini la kupona. Aliyebatizwa ni mwana wa Mungu; basi achukuliwe hima kwa mganga, na baba atembee njiani pamoja na mama.

Amina.