Elfu Moja ya Kenya

Wako wazee mkoani Tanga wanaokumbuka enzi ambayo shilingi ya huku na ya Mombasa zilikuwa sawa kwa sawa. Tanzania ilianza kutoa shilingi yake Juni 14, 1966, Kenya ikafuata Septemba, na pande zote mbili dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa shilingi 7.14. Pauni ya Uingereza iliposhushwa mwaka 1967, hakuna aliyeifuata kati yao.

Kisha njia zikaachana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, mpaka ukafungwa hadi 1983, ikaja vita ya Kagera, mafuta yakapanda bei. Serikali ya Tanzania ikaendelea kushikilia kiwango rasmi ambacho sokoni hakuna aliyekiamini. Aliyenunua sabuni ya magendo kutoka Mombasa alijua vizuri shilingi yake ina thamani gani. Hapo, nadhani, tabia ilitawala kuliko uchumi. Tuliona haya kuishusha shilingi, kama mtu anayeona haya kuuza shamba la babu huku madeni yanammaliza. Iliposhushwa kwa kishindo mwaka 1986, wengi waliona fedheha. Lakini fedheha ilikuwa ipi: kuishusha, au miaka ile ya kujifanya haijashuka?

Leo shilingi moja ya Kenya ni karibu 20 za hapa, mara ikipanda, mara ikishuka. Kati ya mkulima wa machungwa wa Muheza na mnunuzi kutoka Mombasa hilo halina ubaya: kila mmoja anatoa simu, anapiga hesabu, wanakubaliana. Tatizo ni kwamba kiwango hakibaki sokoni, kinamfuata mtu mpaka barazani. Kijana akirudi kutoka Mombasa anaitwa bosi kabla hajatoa hata senti. Wa huku akivuka mpaka wa Horohoro anaziita noti zake za madafu mwenyewe, asije akatanguliwa kuchekwa. Wala ishirini haisemi nani tajiri. Dola moja hununua zaidi ya yeni 100, na sijasikia mtu akimwita Mjapani fukara. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa zamu ya Wakenya kuinamisha vichwa, dola ilipopita shilingi 160 zao.

Jambo hili hunikaa zaidi moyoni kwenye misiba. Wadigo ni watu wamoja waliokatwa na mpaka, na vijiji vya pwani hii, Tongoni kikiwamo pamoja na makaburi yake ya kale, vina jamaa Kwale na Likoni. Ndugu wa huko akija kuzika, huenda akatoa noti ya 1,000 ya Kenya. Mwenye daftari la rambirambi anasita, kalamu mkononi. Akiandika elfu moja bila zaidi, mgeni aliyelipa nauli toka Likoni ataonekana ametoa kidogo kuliko jirani wa elfu mbili. Akiandika elfu ishirini, bibi aliyefungua pindo la khanga akatoa mia tano ataonekana kaleta nini?

Nawapenda wanaoandika "1,000 ya Kenya", kama ilivyotolewa, kwa mstari wake, kwa zamu ya kufika kwake. Kubadili ni kazi ya mweka hazina baadaye, fedha zote zikishachanganywa na hakuna tena noti yenye jina la mtu.