Tusi Ambalo Hakulielewa

Juma hili nataka tujiulize swali moja: ukimtukana mtu kwa lugha asiyoijua, umemkosea?

Swali hili silitoi hewani. Wengi wenu mnajua nilisomea biashara Uchina, katika mji wa Xi'an. Wikendi sisi wanafunzi tulitoka kutembea. Tulizunguka juu ya ukuta wa kale wa mji, karibu kilomita 14. Tuliona lile jeshi la sanamu za udongo ambalo wakulima waliligundua mwaka 1974 wakichimba kisima. Kutembea kulikuwa kutamu. Kufika ndiko kulikokuwa na kazi.

Jumamosi moja, juma la sikukuu ya taifa mwanzoni mwa Oktoba, niliamua kwenda mlima Huashan, kama kilomita 120 mashariki ya mji. Ni kama nusu ya Uchina ilikuwa imeamua hivyo hivyo. Mashine za tiketi zilisoma vitambulisho vya Wachina tu, kwa hivyo sisi wageni ilibidi tupige laini dirishani. Nilisimama masaa mawili. Nilipofika, dada wa dirishani akaangalia karatasi yangu, akatikisa kichwa. Nilikuwa nimebeba kopi ya pasipoti. Pasipoti yenyewe niliiacha hosteli.

Nikaomba. Nikaonyesha kadi ya chuo. Nikaongea Kichina changu cha kuokoteza. Akatikisa kichwa tena, akainama akaanza kuandika kitu. Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia kwa Kiswahili, huku nikitabasamu ili asishtuke, maneno ambayo siwezi kuyarudia katika jarida la kanisa. Naye akatabasamu, akanisukumia kikaratasi. Nikakitupa ndani ya begi.

Siku ikiwa imeharibika, nikarudi mjini nikaingia makumbusho ya Beilin, yenye mawe ya kale yaliyochongwa maandishi. Kuna jiwe moja pale lililosimamishwa mwaka 781. Linaeleza jinsi mtu aitwaye Alopen alivyoleta imani ya Kikristo katika mji huo huo, zamani ukiitwa Chang'an, mwaka 635. Nikajivuna kidogo: kumbe tulitangulia kufika! Kisha nikanyamaza. Yule alitoka mbali, hakuna treni, akaleta maandiko yakatafsiriwa ili watu waelewe. Mimi asubuhi ile niliwaletea nini? Maneno niliyoyachagua kwa sababu hawataelewa.

Jioni mwanafunzi mwenzangu Mchina akanisomea kile kikaratasi: "Leta pasipoti. Njoo dirisha hili hili, usipange foleni tena. Nipo mpaka saa kumi na moja." Wakati nikimtukana, yeye alikuwa akinisaidia.

Nilijitetea, kama vile wewe ungejitetea. Hakuelewa, hakuumia, hakulala akilia. Hasara iko wapi? Lakini hata darasani kwetu jibu hilo lisingepita. Mfanyakazi akichukua pesa dukani na mwenye duka asijue, mwenye duka hana uchungu wowote, ila deni lipo. Kutojua kwake hakufuti deni.

Utaniambia, "Pasta, pesa zilipungua, lakini yule dada hakupungukiwa na kitu." Basi fungua Mambo ya Walawi 19:14. Mungu anakataza kumlaani kiziwi. Kwa nini, na kiziwi hasikii? Kwa sababu heshima yake haimo masikioni mwake. Alipewa na Mungu, na mimi naweza kuikanyaga hata kama hana habari. Mstari huo unamalizia kwa kutukumbusha kumcha Mungu, yaani yuko anayesikia. Na kuna jambo la tatu: lile tabasamu langu. Lilikuwa uongo. Tusi ambalo mtu halielewi humfanya mwenye kulitoa kuwa na nyuso mbili.

Mpendwa, usiseme hayo ni ya Uchina. Sisi hapa tukitaka kumsema mtu aliye mbele yetu, si tunabadilisha lugha? Ndani ya matatu, kwa lifti, sokoni, dada wa nyumbani akiwa amesimama pale na sahani mkononi, tunaingia kilugha na kucheka. Hata hapa kanisani, baada ya ibada, nimesikia. Na si mara zote hao wenzetu hawaelewi. Wengine wanaelewa na wananyamaza tu.

Jumamosi iliyofuata nilirudi stesheni na pasipoti, na neno moja la Kichina nililokuwa nimelifanyia mazoezi: samahani. Dirishani alikuwa mtu mwingine. Nikanunua tiketi, nikapanda treni. Mlima ulikuwa mzuri, lakini deni langu bado halijalipwa. Wewe ambaye unayemdai samahani yuko mtaa mmoja nawe, una nafasi ambayo mimi sikuipata. Nenda juma hili, na useme kwa lugha anayoielewa.