Kumnoa Mzee Akili: Kwa Faida ya Nani?

Sisi tunaoishi hapa Dubai tumezoea kuonyesha mapenzi kwa kununua. Mzazi akiugua tunatafuta dawa, na siku hizi tunatafuta hata programu za simu zinazodai kunoa akili. Kwa mgonjwa wa Parkinson jambo hili linazusha swali: je, ni haki kumkalisha mzee kila siku mbele ya mafumbo na hesabu kwa sababu sisi tunaamini yatamfaa?

James Parkinson, daktari wa London, alipouandika ugonjwa huu mwaka 1817 alidhani akili haiguswi. Leo inajulikana kwamba mambo sivyo. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa, mkono hutetemeka na hatua hufupika. Wagonjwa wengi pia hupata shida ya kupanga mambo, ya kufanya mawili kwa pamoja, na fikra huenda polepole. Dawa ya levodopa husaidia mwendo, lakini haimalizi matatizo ya fikra. Ndipo yakaja mazoezi ya akili.

Je, yanasaidia? Mwaka 2020 wataalamu wa Cochrane walikusanya tafiti 7 zenye washiriki 225 ambao fikra zao zilikwisha kupungua. Hawakupata ushahidi wa kutegemewa kwamba mazoezi hayo yanawapa nafuu, ingawa tafiti zenyewe zilikuwa ndogo. Wauzaji hawakungoja ushahidi. Mwaka 2016 kampuni ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 huko Marekani, baada ya kushtakiwa kwamba ilitangaza faida isizoweza kuzithibitisha.

Mtu atasema: hata kama faida ni ndogo, hasara iko wapi? Hasara ipo. Mzee aliyekuwa akiombwa ushauri na ukoo mzima sasa anaulizwa saba mara tisa ni ngapi. Akichelewa, mwanawe anamtajia jibu. Anajua kwamba anapimwa, na anajua kwamba ameanguka. Na mara nyingi hofu tunayoituliza kwa mtihani huo ni yetu wenyewe: tunataka kuhakikishiwa kwamba baba bado ni yule yule.

Basi tumwache akae kimya dirishani? Hapana. Ugonjwa huu unaweza kumnyang'anya mtu hata hamu ya kufanya jambo. Akisema "sitaki", pengine ni yeye anayesema, pengine ni maradhi. Kumwacha kwa jina la heshima kunaweza kuwa kumtupa.

Nionavyo mimi, njia ni kubadilisha swali. Badala ya kumuuliza anajua nini, tumuulize anataka kuendelea kufanya nini. Mmoja atataka kupatana bei mwenyewe sokoni Deira, mwingine kukumbuka saa za dawa bila kuambiwa, mwingine kucheza bao. Hapo zoezi linapata maana, kwa kuwa lengo ni lake. Na mjukuu aliyezaliwa hapa, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza, amwombe babu amfundishe bao. Babu atahesabu kete na kupanga mchezo, lakini atakaa kwenye kiti cha mwalimu. Sisemi bao linatibu Parkinson. Nasema halimvunjii mtu utu wake.

Linabaki jambo moja ambalo haliuzwi dukani, nalo ni kusubiri. Jibu la mgonjwa wa Parkinson mara nyingi liko njiani, linakuja polepole. Katika mji huu wa haraka, ambako hata simu ya nyumbani tunaipiga tukiwa ndani ya Metro, kukaa kimya dakika nzima mpaka mzee amalize sentensi yake ni kazi ngumu. Huenda anayehitaji mazoezi zaidi ni sisi.