Masazo Ni Haki ya Nani?

Baadhi ya ndugu zetu wa Kombewa wafugao kuku wametuuliza: je, yafaa kuwalisha kuku masazo ya viwanda na ya mashine za kusaga? Suali ni jema, na ndani yake mna suali jingine kubwa zaidi.

Tuanze na lililo wazi. Kutupa chenye manufaa ni israfu, nayo israfu tumekatazwa. Mwenye kugeuza pumba za mahindi au matumbo ya samaki yaliyochemshwa yakawa yai, amefanya jambo la kusifiwa. Lakini lishe ni amana. Imepokewa kuwa Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku alaye najisi siku tatu kabla ya kumla. Basi sisi tuna udhuru gani wa kumwagia kuku mahindi yaliyoota ukungu, tukasema, "Ni kuku tu"? Sumu ya ukungu huo iliua watu zaidi ya 100 Ukambani mwaka 2004. Humdhuru kuku, na huweza kupita hata katika yai.

Sasa tuje katika suali kubwa: ni nani mwenye haki ya kukiita kitu masazo? Viwanda vya Kisumu hukata minofu ya mbuta ikapelekwa ng'ambo, ikabaki mifupa yenye nyama kidogo, ambayo watu huiita mgongo wazi. Kwa mwenye kiwanda hiyo ni taka. Kwa akina mama wa Obunga waikaangao ni riziki, na kwa mnunuzi ni kitoweo cha wanawe. Omena nao ni samaki wa maskini, na sehemu kubwa yao husagwa wakawa chakula cha mifugo. Msagaji akishindana na maskini kwa bei, hakuokoa taka. Ameondoa sahani mbele ya mwenye njaa.

Huenda mtu akasema, "Biashara ni halali." Ni kweli, wala hatuharimishi alichohalalisha Mwenyezi Mungu. Wala hatumlaumu mama mwenye kuku kumi, awalishaye omena kidogo apate mayai ya kulipia ada ya skuli; yeye naye ni maskini. Tunalosema ni kuwa uhalali wa bei haumwondolei mtu wajibu wa kumtazama jirani yake.

Kwa hivyo twaona utaratibu uwe huu: mtu kwanza, kisha mnyama, kisha shamba. Kabla ya kumwaga lishe, mfugaji ajiulize mambo mawili: Je, ni safi? Je, yuko mtoto jirani ambaye angekishiba leo? Aanze na visivyoliwa na mtu, kama pumba, na mchwa ambao wazee wa Kombewa waliwalisha vifaranga kabla ya kiwanda chochote kujengwa.

Kitu hakiwi masazo kwa kuwa tajiri amekichoka. Huwa masazo pale maskini naye atakaposhiba.

Wallahu aalam.