Dawa ya Deni: Maktaba, Marikiti na Maadili ya Utafiti wa Fasihi

Suala la mahali anapopaswa kuanzia mtafiti wa fasihi huchukuliwa mara nyingi kuwa suala la mbinu tu. Mwanafunzi huelekezwa maktabani, hufunzwa kutumia katalogi, na huonywa asitoe dai lisilo na marejeo. Hoja ya makala hii ni kwamba suala hilo, kabla ya kuwa la mbinu, ni la maadili. Kila marejeo ni ungamo la deni, na si kila mdai ambaye jina lake limo rafuni.

Ulinganisho wa waandishi wawili waliokuwa hai wakati mmoja utalifafanua jambo hili. Mwaka 1837 Charles Dickens, kijana wa miaka 25, alikuwa akikamilisha The Pickwick Papers, riwaya iliyotoka kwa sehemu za kila mwezi. Mwaka huohuo utawala wa Mazrui uliangushwa Mombasa na Seyyid Said, na Muyaka bin Haji, mshairi aliyewatetea Mazrui kwa beti zake, alikuwa mtu mzima katika mji ulioshindwa. Wote wawili waliandama maisha ya watu wa kawaida: mapenzi, fedha, ufukara, unafiki wa wakubwa.

Mwanafunzi anayeingia katika maktaba ya chuo kikuu kumtafiti Dickens hulakiwa na wasifu wa John Forster, uliochapishwa baina ya 1872 na 1874; barua zaidi ya 14,000 katika majuzuu 12 yaliyotolewa baina ya 1965 na 2002; na uhakiki ambao umri wa msomaji mmoja hautoshi kuumaliza. Shida yake ni wingi. Anayemtafiti Muyaka hukuta diwani iliyohaririwa na William Hichens na kuchapishwa Johannesburg mwaka 1940, utafiti wa Mohamed Hassan Abdulaziz wa mwaka 1979, na makala za hapa na pale. Hati zilizoandikwa kwa mkono zimehifadhiwa London, katika maktaba ya SOAS. Ingawa orodha yake na baadhi ya hati sasa zinapatikana kwa intaneti, picha ya hati haimfasirii msomaji yaliyomo.

Hapa ndipo kishawishi kinapomjia mwanafunzi, hasa yule aliyezaliwa Mombasa na mwenye muda mfupi wa kumaliza tasnifu. Rafu iliyojaa humwambia kwamba mada hii ni salama. Rafu tupu humwambia kwamba mada ile haina kitu. Kuchagua kumtafiti Dickens si kosa, maana mwanafunzi wa Kiafrika ana haki ya kumsoma mwandishi yeyote wa dunia. Kosa ni kuugeuza wingi wa vitabu kuwa kipimo cha thamani. Rafu hueleza nani aliulizwa, nani aliandikwa na nani alikuwa na fedha za kuchapisha. Haielezi nani alistahili.

Hata hivyo, ingekuwa dhuluma kuilaumu maktaba. Kuna anayeweza kusema kwamba hati za Muyaka ziliporwa. Mwingine atajibu kwamba, lau William Taylor, mmishonari aliyefika Mombasa mwaka 1880, asingejishughulisha, sehemu kubwa ya mashairi hayo ingepotea. Majibu yote mawili yanamsahau mtu wa tatu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, ndiye aliyeyakusanya mengi ya mashairi hayo kutoka vinywani mwa watu wa mji na kumfafanulia Taylor maana zake. Katika tanbihi za watafiti waliofuata, Taylor hutajwa kama chanzo na Sikujua kama msaidizi. Kwa haki, cheo hicho kingepaswa kugeuzwa. Aliyejua ndiye chanzo; aliyeandika alipokea.

Wahakiki wamezoea kusema kwamba Muyaka aliutoa ushairi msikitini akauleta sokoni. Ikiwa kauli hiyo inaaminiwa, basi haina budi kuwa na matokeo katika utafiti. Marikiti ya leo, iliyo ukingoni mwa Mji wa Kale, haikuwapo zama za Muyaka. Hata jina lake ni neno la Kiingereza lililotiwa ulimini mwa wenyeji. Lakini baina ya magunia ya bizari na mafungu ya mchicha bado husikika Kimvita, na bado watu hurushiana mafumbo. Mwanafunzi akijua kwamba ndia ni njia na nde ni nje, hajafika popote. Kinachomkwamisha ni kijembe: ubeti ulirushiwa nani, kwa kisa gani, na kwa nini waliosikia walicheka. Huenda mzee anayepima iliki akalijua jambo hilo, kwa kuwa alilisikia kwa babu yake.

Adabu ya mwanazuoni mbele ya mzee huyo ina pande tatu. Kwanza, amtaje, iwapo mwenyewe ameridhia kutajwa, kama anavyomtaja Forster, wala asimfiche ndani ya msemo "kwa mujibu wa wenyeji." Pili, amhoji kwa ukali uleule anaomhojia Forster. Kulikubali kila neno kwa sababu limetoka kinywani mwa mzee si heshima. Ni namna nyingine ya kumdharau, kwa kuwa anayeheshimiwa ndiye anayebishiwa. Tatu, aikubali haki yake ya kunyamaza. Mwaka 1860 Dickens aliziteketeza barua alizoandikiwa na watu kwa miaka mingi, na hakuna mhakiki anayemwita adui wa elimu. Bibi wa Mji wa Kale akikataa kuusoma ubeti unaoivunjia heshima nyumba fulani, asiitwe mjinga asiyejua thamani ya utafiti.

Kuna mfano unaoonyesha kwamba soko na rafu si mahasimu. Katika miaka ya 1960 J.W.T. Allen alikusanya hati kutoka kwa watu wa pwani kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na katalogi yake ikachapishwa mwaka 1970. Hati hizo zilibaki Afrika Mashariki, mahali ambapo mjukuu wa aliyezitoa anaweza kwenda kuzisoma. Kukusanya, kwa hiyo, si lazima kuwe kunyang'anya; linaloamua ni kama kilichochukuliwa kinaweza kurejewa na wenyewe.

Wahenga walinena kwamba dawa ya deni ni kulipa. Tasnifu iliyojengwa kwa maneno ya watu wa Marikiti, kisha ikafungiwa katika chumba ambacho hakuna hata mmoja wao anayeruhusiwa kuingia, haijalipa, hata kama marejeo yake yamepangwa bila kosa. Nakala moja iliyorudishwa mjini, kwa lugha ambayo mzee wa iliki anaweza kusomewa na kuisahihisha, ingekuwa mwanzo wa malipo. Nayo masahihisho yake yangestahili kuingizwa katika toleo linalofuata, kwa jina lake.