Akiba Huhitaji Majira

Jioni ikiingia Kawangware na Kibera, mitaa ya mabanda ya Nairobi, vitu vingi hununuliwa kwa kiasi cha mlo mmoja: mkebe wa makaa, mafuta ya kupimiwa, sukari ya kadogo. Wapo wanaotazama hayo wakahukumu upesi kwamba watu hawa hawajui kuweka akiba. Hukumu hiyo huichukulia akiba kuwa tabia tu: mwenye nidhamu huweka, asiye nayo hula chote. Naipinga, na shahidi wangu ni msonobari wa nchi za baridi.

Siberia, Kanada na Ufini, udongo huganda kwa miezi. Hata jua likichomoza, majani ya msonobari, membamba kama sindano, karibu hayatengenezi chakula chochote. Lakini mti u hai, unapumua, na kupumua ni kutumia. Wakati huo huishi kwa kaboni uliyoivuta hewani siku za nyuma.

Tazama jinsi unavyoipanga kaboni hiyo. Jua la majira ya kuchipua linaporudi, majani ya zamani huanza kazi kabla ya machipukizi kufunguka. Sukari yanayoitengeneza hugeuzwa kuwa wanga na kulundikwa humo humo majanini. Machipukizi yakifunguka, wanga huo hushuka haraka, kwa kuwa jani la mwaka jana linalisha la mwaka huu. Kiangazi ni zamu ya shina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu misitu ya kaskazini mashariki mwa Ufaransa ulionyesha kwamba shina hunenepa kwanza, na kaboni ya kukomaza kuta za seli zake huja nyuma kwa zaidi ya mwezi mmoja. Baridi inapokaribia, sehemu ya wanga hurudishwa kuwa sukari, na sukari hiyo huzikinga seli zisiharibiwe na barafu. Hivyo akiba ya mti hufanya kazi hata kabla ya kuliwa.

Hapa pana tofauti inayostahili kufikiriwa. Kaboni iliyokuwa wanga, mti waweza kuirudia. Iliyokwisha kuwa ubao hairudi tena. Mti hauwezi kuula mwili wake. Zote mbili zimewekwa, lakini moja tu ndiyo akiba. Mzazi wa Kibera aliyemaliza pesa zake kwa karo na mabati hakutapanya kitu. Amejenga. Ila ugonjwa ukibisha hodi kesho, hawezi kung'oa karo shuleni akanunue dawa.

Wataalamu wa mimea wamejadiliana kwa muda mrefu: je, akiba ya mti ni masalio tu ya ukuaji, au mti hujinyima kukua ili uweke? Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliacha hewani kaboni yenye alama ya kupimika, na kwa alama hiyo imebainika kwamba ndani ya mashina ya miti kuna sukari iliyokaa miaka mingi. Kama lengo lingekuwa kuvuka baridi moja tu, akiba ya umri huo isingehitajika.

Ni nini basi kinachouwezesha mti kuweka hivyo? Baridi ya kaskazini ni kali, lakini ni aminifu. Hutanguliwa na mchana unaofupika siku baada ya siku, na mti huusoma ufupi huo ukajiandaa kabla barafu haijagusa tawi. Huku kwetu karibu na ikweta mchana haubadiliki sana. Mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya ni jamaa wa mbali wa msonobari, lakini hufuata mvua, na mvua huja mara mbili kwa mwaka, nyakati nyingine ikakosekana. Ndiyo maana pete za shina lake si hesabu ya kuaminika ya miaka. Miti hii yote huweka. Kinachotofautiana ni majira ambayo kila mmoja umepewa kuyategemea.

Sasa turudi Kibera. Tarehe 23 Julai 2018 tingatinga zilibomoa nyumba na shule ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakabaki bila makao. Anayeishi kwenye ardhi asiyo na hati yake hukabiliwa na hatari isiyotanguliwa na mchana unaofupika. Gunia la makaa lataka pesa za mkupuo, mlango unaofungika na sakafu itakayokuwapo mwezi ujao. Mnunuzi wa mkebe anajua kwamba mwisho wa mwezi atakuwa amelipa zaidi ya mwenye gunia. Anachokosa ni kesho ya kutegemewa.

Nidhamu anayo, na ushahidi ni chama. Watu huchanga siku waliyokubaliana, na mchango wote huenda kwa mmoja wao kwa zamu. Wengi hukiona chama kama sanduku la pesa. Mimi naona kazi yake kubwa ni kalenda. Mahali ambapo mji haukutoa majira, wanachama wameyaunda wenyewe: siku inajulikana, zamu inajulikana, na neno la mwenzako linashika nafasi ya hati.

Atakuwapo wa kuniambia kwamba wapo wenye hati na mishahara wanaotapanya. Ni kweli. Majira hayamlazimishi mtu kuweka, na hiari inabaki kuwa yake. Lakini hiari isiyo na wakati wa kuaminika haina pa kushika, na kumlaumu mtu kwa kutoitumia ni dhuluma. Anayetaka Kibera na Kawangware ziweke akiba aanze na hati za ardhi, kodi ya nyumba isiyopandishwa ghafla, na notisi inayomfikia mtu mapema kabla ya tingatinga. Mahubiri juu ya kuweka akiba yaje baada ya hayo, kama bado yatahitajika.